Tetemeko la ardhi na mtoto: muulize kwanza anavyoelewa, ndo umueleze

Nianze na kosa nililofanya mwenyewe ili wewe usilirudie. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka sita ardhi ilipotikisika usiku, tetemeko la sekunde chache tu, halikubomoa nyumba wala nini, ila vyombo viligongana na taa ikabembea. Asubuhi nikamkalisha nikamueleza vizuri kabisa, kwamba gamba la dunia limegawanyika vipande vikubwa vya mwamba vinaitwa mabamba, yanasogea polepole sana, yanasuguana, pale yalipokwama yakiachia ghafla ndo sisi tunatikisika. Akanirudishia maneno yote bila kukosea hata moja. Nikaridhika.

Wiki nzima hakulala vizuri. Siku ya saba au ya nane hivi, nishamfunika shuka naondoka zangu, akaniita: "Mama mdogo, sasa hayo mabamba yalijuaje kama mi ndo nilivunja kikombe?" Chini ya kitanda, nyuma ya viatu, kulikuwa na vipande vya kikombe amevifunga ndani ya soksi.

Yaani sayansi niliyompa hakuitupa, aliichukua yote, akaipandisha juu ya maelezo aliyokuwa nayo tangu usiku ule, kwamba ameadhibiwa. Na mi sikuyajua hayo maelezo kwa sababu sikumuuliza. Tangu hapo kila nikikaa na watoto kuongea kuhusu matetemeko, mafuriko, radi, volkeno, nafuata mpangilio huu hapa chini, na nauandika kwa wazazi na walimu maana watu wengi tunaanzia katikati.

Hatua ya 1: chagua wakati

Kama tetemeko limetoka kutokea sasa hivi, usifundishe chochote. Hakikisha mko salama, mshike, mwambie kwa ufupi "ni tetemeko la ardhi, tupo pamoja, inaweza kutikisika tena kidogo kidogo, hiyo ni kawaida". Hiyo sentensi ya mwisho usiiruke, maana mitetemo ya baadaye huwa inakuja kweli, saa nyingine kwa siku au wiki kadhaa, na ukimwambia "imeisha kabisa" halafu ikatikisika tena jioni, kesho hakuamini kwa lolote. Zima na ile video ya tukio inayorudiwarudiwa kwenye simu na TV, mtoto mdogo anaweza kudhani kila ikirudiwa ni nyumba nyingine inaanguka.

Mazungumzo yenyewe yafanyike mchana, ameshiba, hana usingizi. Usiku kabla ya kulala sio wakati wake.

Hatua ya 2: uliza bila kumpandikizia jibu

Hapa ndo penye kazi, na Kiswahili chetu kinaweza kukusaidia au kukuangusha. Ukimuuliza "nani ametikisa ardhi?" umeshamwambia kuna mtu. Ukiuliza "ardhi imetikiswa na nini?" umeshamwambia kuna kitu kimeshika ardhi kinaitikisa. Uliza "ardhi ilitikisika, unafikiri ilikuwaje?" Kutikisika sio kutikiswa, huo mwisho wa neno unambadilishia mtoto swali zima, jaribu kwa watoto wawili tofauti utaona.

Afu nyamaza. Hesabu mpaka kumi moyoni. Sisi watu wazima tukiona mtoto kanyamaza tunakimbilia kumsaidia, na ule msaada ndo unaofunika jibu lake. Akisema kitu cha ajabu usicheke, usiseme "hapana", na uso wako usibadilike, maana wanasoma uso kuliko maneno. Mwambie "ehe, halafu?" au "nieleze vizuri hapo". Maswali yangu ya kawaida ni haya: ilikuwaje mpaka ikatikisika, ilianzia wapi, kwa nini ilikuwa siku ile na sio siku nyingine, ikaishaje. Hilo la "kwa nini siku ile" usiliache hata kama umechoka. Mi nisingelisubiri wiki nzima kama ningeliuliza asubuhi ile ile.

Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget, miaka ya 1920, alikaa na watoto akawauliza maswali ya namna hii, jua linatembeaje, upepo unatoka wapi, mawingu yanajua kwamba yanasogea? Akakuta wadogo wengi wanavipa vitu uhai na nia, na wengine wanasema milima na maziwa vilitengenezwa na watu. Watafiti waliokuja baadaye walimkosoa, wakaonyesha kwamba watoto wanajua zaidi ya alivyodhani, na swali likiulizwa vibaya linazaa jibu ambalo mtoto hakuwa nalo kabla. Mi naona pande zote mbili zinatufaa: watoto wana maelezo yao, na wewe unayeuliza unaweza kuyaharibu kabla hujayasikia.

Hatua ya 3: mpe karatasi

Maneno mtoto anakariri, picha ni ngumu kukariri. Mwambie achore kilichokuwa kinatokea chini ya ardhi wakati ule. Usimchoree mstari wa kuanzia wala duara la dunia. Akimaliza mwambie akuonyeshe watu wako wapi, nyumba iko wapi, na ukichimba chini zaidi unakuta nini.

Utashangaa. Mwaka 1992 watafiti Stella Vosniadou na William Brewer walichapisha utafiti kuhusu watoto wa shule ya msingi na umbo la dunia, na wengi walikuwa wanasema "dunia ni duara" kama walivyofundishwa, lakini wakiulizwa zaidi na wakichora, mwingine dunia yake ni kama sahani ya mviringo, mwingine ni mpira wenye uwazi ndani na watu wanaishi humo ndani kwenye sakafu bapa, mwingine ana dunia mbili, moja ya kukanyaga na moja ya duara iko juu angani. Sio ujinga huo, mtoto anapatanisha anachokiona kwa macho (ardhi ni bapa) na alichoambiwa na mtu anayemwamini (ardhi ni duara), na anapatanisha kwa akili nyingi tu. Sasa mtoto ambaye dunia yake ni mpira wenye watu ndani, ukimwambia mabamba yako chini anayaweka wapi?

Mchoro wa yule wetu ulikuwa na mabamba mawili kama mawe marefu, na kila moja lina macho mawili. Nilipouona mara ya kwanza nilisema "waa, mzuri" nikaubandika ukutani. Kumbe macho yale ndo yalikuwa jibu lenyewe, mabamba yake yalikuwa yanaona.

Hatua ya 4: sikia ni maelezo ya aina gani

Mara nyingi yataangukia sehemu kama hizi, na yanaweza kuchanganyika.

Kuna maelezo ya kiumbe: kuna mnyama chini, kuna jitu linageuka usingizini, ardhi imechoka. Usimdharau, maana watu wazima wa mataifa makubwa wameeleza hivyo hivyo. Japani kuna simulizi ya kambare mkubwa anaitwa Namazu, akijipindua chini ya nchi ndo inatikisika, na baada ya tetemeko la Edo (Tokyo ya sasa) la mwaka 1855 picha zake zilichapishwa nyingi sana mjini. Wagiriki wa kale walimpa Poseidon, mungu wao wa bahari, kazi hiyo.

Kuna maelezo ya hali ya hewa na joto: jua lilikuwa kali, upepo umeingia ardhini, volkeno imelipuka. Aristotle mwenyewe, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale tunayemheshimu mpaka leo, aliamini ni upepo uliofungiwa ndani ya ardhi unatafuta pa kutokea. Hapa kuna kaukweli kidogo ka kukaokoa, volkeno kweli zinaweza kusababisha mitetemo, lakini matetemeko mengi makubwa hayahitaji volkeno wala hayajali kama kuna jua au mvua.

Kuna maelezo yaliyotokana na maneno yetu wenyewe. Mtoto kasikia "sahani za dunia" (jina jingine la mabamba) anachora sahani za jikoni. Kasikia "ukubwa wa 7" anadhani ni dakika saba au nyumba saba. Kasikia "kitovu cha tetemeko" (sehemu ya ardhi iliyo juu ya pale lilipoanzia) anashika tumbo. Kasikia mabamba yanaelea, anachora bahari ya uji wa moto chini yetu, na hili wakubwa wengi tunalo pia, ila tabaka lililo chini ya mabamba kwa sehemu kubwa sana ni mwamba mgumu, una joto kali na unajongea taratibu mno, lakini sio kimiminika. Sikiliza na vitenzi vyako: tunasema mabamba "yanagombana", dunia "imekasirika", ardhi "inapumua", halafu tunashangaa mtoto kayachorea macho.

Na kuna maelezo ya adhabu. Haya yana hatua yake.

Hatua ya 5: ondoa hatia kabla ya kuweka sayansi

Piaget aliwahi kuwasimulia watoto kisa cha mtoto aliyeiba matunda, akakimbia, akapita kwenye daraja bovu likavunjika. Je, asingeiba, daraja lingevunjika? Wadogo wengi walijibu lisingevunjika. Kwao ubaya unajilipa wenyewe kupitia vitu. Kwa hiyo usisubiri mtoto aseme, wengi hawasemi kwa sababu kusema ni kukiri kosa na anaogopa adhabu ya pili.

Mwambie moja kwa moja hata kama hajauliza: "Watoto wengine huwa wanafikiri tetemeko limekuja kwa sababu wamefanya kitu kibaya. Haliji hivyo. Mwamba haujui nani kafanya nini." Neno "watoto wengine" linampa pa kujificha, anaweza kusikia bila kukiri. Kama ana kosa amelificha, lishughulikie kama kosa dogo la kawaida, peke yake, mbali na tetemeko. Sisi tulitoa vile vipande kwenye soksi, tukavifunga kwenye gazeti asije mtu akajikata, tukavitupa wote wawili, akaomba radhi kwa mama yake kwa ajili ya kikombe. Kwa ajili ya tetemeko hakuomba radhi, na nilimwambia wazi kwamba hilo halimhusu.

Vipi kuhusu Mungu? Familia nyingi zinaongea hivyo na sioni sababu ya kuvunja imani ya mtoto ili ajue jiolojia. Mungu kaumba dunia na mwamba wake unavyofanya kazi, hilo linakaa vizuri pamoja na yote niliyoandika hapa. Lakini usimwambie mtoto Mungu amekasirika na watu wa pale, wala usiwaache wakubwa waseme hivyo mbele yake, maana yeye anajihesabu kuwa wa kwanza kwenye orodha ya waliomkasirisha.

Hatua ya 6: sasa muonyeshe kwa mikono

Sasa ndo sayansi, na iwe ya kushika. Mi natumia vitu vinne.

Kijiti kikavu. Mwambie akikunje taratibu, taratibu, asimame kabla hakijavunjika asikie kinavyokaza mkononi, halafu aendelee mpaka kiachie. Ule mtikisiko aliousikia kwenye vidole ndo tetemeko. Mwanasayansi Harry Fielding Reid wa Marekani alieleza jambo hili hili baada ya tetemeko la San Francisco la 1906, kwamba mwamba pande mbili za ufa unakunjwa miaka na miaka, nguvu inajilimbikiza, kisha unaachia kwa ghafla. Muulize: kijiti kilijua kitavunjika saa ngapi? Sisi tulijua? Hapo anaelewa mwenyewe kwa nini hakuna mwanasayansi anayeweza kukutajia siku na saa ya tetemeko, na kwa nini anayekutumia meseji ya "kesho saa nne kutatikisika" anakudanganya.

Kucha. Mpake nukta ya rangi ya kucha karibu na nyama, kila Jumapili mtazame imesogea kiasi gani. Mabamba yanakwenda sentimita chache kwa mwaka, karibu na mwendo wa kucha kukua. Mtoto anayedhani mabamba yanakimbizana kama magari, hii inamtuliza kuliko maneno yoyote, maana wiki ya kwanza haoni tofauti yoyote ya maana.

Mstari wa watoto. Wasimame mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu kashika mabega ya wa mbele. Wa nyuma asukume taratibu mbele, msukumo unapita mpaka mwisho: hilo ndo wimbi la kwanza, linakwenda mbio zaidi. Halafu wa nyuma ayumbe kushoto na kulia, myumbo unapita pia ila polepole: wimbi la pili, na kwa kawaida ndo linatikisa zaidi. Waulize nani katembea kutoka alipokuwa. Hakuna. Mtikisiko umesafiri, watu wamebaki. (Wakiwa wengi watacheka na kuanguka, waache.)

Vitalu kwenye trei. Ajenge mnara mwembamba na nyumba fupi pana, utikise trei. Mengi yanayoumiza watu kwenye tetemeko ni majengo na vitu vinavyoanguka, ardhi haifunguki ikameza watu kama kwenye katuni. Nyufa zinaweza kutokea kweli, lakini lile la kumezwa na kufungiwa ndani sio kitu cha kumwacha nacho kichwani usiku.

Kuhusu namba za ukubwa wa tetemeko, kwa mkubwa kidogo wa miaka kumi hivi: kila namba ikipanda moja, mtikisiko unaoandikwa na mashine unakuwa mkubwa mara 10 na nishati karibu mara 32. Kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa ni la Chile mwaka 1960, ukubwa wa 9.5. Mdogo hahitaji hiyo.

Na muambie hili, maana watoto wanalipenda: hadithi ya mabamba yenyewe ni ya juzi. Mwanasayansi wa Ujerumani Alfred Wegener alisema mabara yanasogea mwaka 1912, wengi wakamkatalia, na ni kwenye miaka ya 1960 ndo wanasayansi wengi wakakubaliana. Kuna babu na bibi waliosoma shule kabla hayajafundishwa. Kubadilisha maelezo yako sio aibu.

Hatua ya 7: kila maelezo yafungwe na kitendo

Mtoto anayejua kwa nini lakini hajui afanye nini, hofu inabaki pale pale. Mfundisheni kwa mwili, sio kwa mdomo: jishushe chini kwa magoti na mikono, jifunike kichwa na shingo chini ya meza imara, shikilia mguu wa meza mpaka itulie. Kama yuko kitandani abaki hapo afunike kichwa kwa mto. Akiwa nje akae mbali na kuta na nyaya. Asikimbilie nje wakati inatikisika, vitu vinaanguka zaidi pale mlangoni na kandokando ya ukuta. Kama mamlaka ya maafa mnakoishi ina maelekezo yake kwa aina ya nyumba zenu, fuateni hayo. Fanyeni zoezi kama mchezo, mara mbili tatu kwa mwaka, na awe yeye anayepiga kelele ya kuanza.

Na kwa wa pwani: ukisikia mtikisiko mkali au wa muda mrefu, au bahari imerudi nyuma ghafla, panda juu, usisubiri kuambiwa. Kisiwa cha Simeulue huko Indonesia walipata tsunami mwaka 1907, wakaitia kwenye nyimbo na hadithi za watoto kwa jina smong: ardhi ikitikisika sana, bahari ikikimbia, kimbilia mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004, siku ya lile tetemeko kubwa na tsunami ya Bahari ya Hindi, kisiwa kile kilikuwa karibu kabisa na kitovu, kina watu kama 78,000, wakafa 7. Hakuna mabamba kwenye wimbo ule, kuna mpangilio wa kweli wa nini kinafuata nini, basi.

Siku hiyo hiyo, ufukwe mmoja wa Phuket, Thailand, msichana wa Kiingereza wa miaka 10, Tilly Smith, aliona maji yanatoa mapovu, akakumbuka somo la jiografia kuhusu tsunami alilofundishwa wiki mbili nyuma. Akang'ang'ana na wazazi wake mpaka baba akamwambia mlinzi, watu wakaondolewa ufukweni. Ukifundisha mtoto fundisha na wakubwa wa nyumba kumsikiliza, maana maelezo yake siku moja yanaweza kuwa ndo sahihi pekee mahali pale.

Hatua ya 8: mwache afundishe, halafu rudi tena

Baada ya siku chache mwombe amueleze mdogo wake au bibi, we ukiwa pembeni unafanya mambo yako. Pale anapokwama au anaporuka ndo hujaeleweka. Usimsahihishe mbele ya mwanafunzi wake.

Kama mwezi umepita na bado anaota vibaya, anajikojolea wakati alishaacha, hataki kuachwa peke yake kabisa, hapo mpeleke kwa mtaalamu wa afya, sio suala la maelezo tena.

Vinginevyo baada ya wiki tatu nne mpe tena karatasi na umuulize swali lile lile kwa maneno yale yale, uandike tarehe nyuma ya mchoro, na uweke na ule wa kwanza. Wa pili wa binti yetu mabamba bado yalikuwa na macho. Nikamuuliza haya yanaona nini? Akaniambia "hayaoni, nimeyaweka tu ili ujue mbele ni wapi". Nikauliza na yanajua nini? Akanitazama kama vile swali halina maana, akaendelea kupaka rangi.